Apdeti ikizima kiendelezi chako, ulistahili kuambiwa kabla?

Mleta mada, Kilindini:
Asalamu alaikum jamani. Mimi ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Kwenye kivinjari chetu, ile programu ya kufungulia mtandao, tulikuwa na kiendelezi, yaani programu ndogo ya kukiongezea kivinjari kazi, alichotutengenezea kijana mmoja miaka kadhaa nyuma. Kazi yake ilikuwa moja tu, kukagua namba za kontena. Namba hiyo ina herufi 4 na tarakimu 7, na tarakimu ya mwisho hupatikana kwa kupiga hesabu ya zote zilizotangulia. Ukikosea moja, kwa kawaida hesabu inakataa, na kisanduku kinakuwa chekundu.

Jumatatu kikatokea kidirisha: toleo jipya liko tayari, anzisha upya. Nikabonyeza. Kivinjari kiliporudi, kiendelezi kimezimwa kwa kuwa hakipatani na toleo hilo. Yule kijana alishaacha kazi hizo, hakuna wa kukirekebisha. Tukakagua namba kwa macho siku nzima, na moja ikapita ina 6 mahali pa 9. Kusahihisha stakabadhi kulichukua siku mbili. Kontena likikaa yadi gharama inapanda, na mteja ndiye anayelipa.

Kivinjari kilijua. Orodha ya viendelezi vyangu kinayo, na toleo jipya linakubali nini kinajua pia. Basi kiniambie kabla sijabonyeza: hiki kitazimika, hivi vitabaki, na nikitaka ningoje hadi jioni ningoje. Kuniambia baada ya kuzima hakunisaidii kitu.

Fundi, Majengo:
Wa alaikum salaam, ndugu yangu, na pole kwa hasara. Lakini mimi hutengeneza mashine za watu, acha niseme ninayoyaona. Mtu akionyeshwa orodha ya vitakavyozimika anabonyeza “baadaye”, na baadaye hiyo haifiki. Nimefungua kompyuta za maduka zilizokaa mwaka mzima bila kusasishwa. Na toleo jipya likishatoka, wezi hulilinganisha na la zamani, wakaona palipozibwa, wakajua tundu liko wapi kwa yule ambaye bado hajasasisha.

Tena maonyo hayo yamewahi kuwa ya uongo. Kivinjari cha Firefox kilipoanza kutoa matoleo kila wiki 6 mwaka 2011, kiendelezi kilikuwa kimeandikwa ndani yake toleo la mwisho kinalolikubali. Namba ikipita, kinazimwa, hata kama kingefanya kazi bila tatizo. Watu wakaogopa kusasisha bure. Januari 2012, katika toleo la 10, ndipo wakageuza: viendelezi vingi vikahesabiwa kuwa vinafaa mpaka ionekane vinginevyo.

Mleta mada:
Hapo nakubali, fundi. Onyo la uongo linafundisha watu woga. Ila la Novemba 2017 halikuwa la uongo: Firefox 57 iliacha kabisa viendelezi vya mtindo wa zamani. Waliokuwa kwenye toleo linalotunzwa kwa muda mrefu, la 52, waliendelea kupata viraka vya usalama hadi 2018 huku viendelezi vyao vikifanya kazi, wakapata nafasi ya kutafuta vingine. Tundu likazibwa na kazi ikaendelea. Ndicho ninachokiomba.

Kivinjari cha Chrome nacho kilipoanza kuondoa mtindo wake wa zamani, Manifest V2, mwaka 2024, onyo lilitangulia, na hilo ni jema. Lakini liliwekwa kwenye ukurasa wa kusimamia viendelezi. Katika ofisi zetu, nani hufungua ukurasa huo?

Mwalimu, Likoni:
Naomba niingie. Macho yangu ni dhaifu. Nasoma skrini kwa kiendelezi kinachokuza herufi na kuzifanya za njano juu ya weusi. Mwaka jana kilizimwa baada ya kusasisha, na ule ujumbe wa kunieleza kwamba kimezimwa ulikuja kwa herufi ndogo za kijivu juu ya weupe. Sikuweza kuusoma. Nilikaa mpaka mwanangu aliporudi kutoka shule saa kumi, ndiye aliyenisomea.

Kaka fundi, mimi sikatai kusasisha. Nataka niambiwe wakati bado naweza kusoma.

Fundi, Majengo:
Mwalimu, hilo sikuwahi kulifikiria, na limenigusa. Basi nasogea: orodha itangulie, kwa majina. Lakini kuahirisha kuwe na ukomo, tuseme siku 7, kisha kivinjari kijisasishe chenyewe. Na kiraka cha tundu ambalo wezi tayari wanalitumia kisisubiri hata saa moja.

Mleta mada:
Kiraka cha dharura kisisubiri, sawa. Ila kije peke yake, kisifungwe pamoja na mabadiliko yanayozima viendelezi, maana hapo hiari yangu imekwisha. Na siku 7 zinatosha ofisi yenye mtu wake wa kompyuta. Sisi hatuna. Kumtafuta wa kuandika upya, kumlipa, kujaribu, mwezi unakwisha. Kwenye hilo bado sijakubaliana nawe.

Kwa sasa mashine moja ya ofisini inasasishwa kwanza, zingine zinafuata kesho yake tukiona iko sawa.

Mwalimu, ulipata kingine badala ya kile?

Mwalimu, Likoni:
Nilipata. Kinageuza rangi, ila hakikuzi herufi.