Vijana na ndoa: mtoto wanataka, bwana ama bibi hawataki?

Auntie_Nyalenda (Kisumu)
Hamjambo nyote. Likizo ikifika mimi hukaa na vijana wa kanisa letu hapa Nyalenda, wengi wako miaka 14 hadi 18. Juzi niliwapa makaratasi waandike bila jina vile wanaona mambo ya ndoa. Nilidhani nitasoma kuhusu magauni na kupigwa picha ufuoni Dunga, lakini wapi. Msichana mmoja ameandika "mtoto nataka, bwana sitaki". Mwingine anasema atakaa na mtu kwanza aone tabia, wakishindwana kila mtu abebe vitu zake. Kijana naye anasema ataoa akishajenga, na kujenga kwenyewe haoni kutawezekana lini. Halafu kuna karatasi kadhaa zimeandika karibu kitu kimoja, kwamba wazazi wao hawajawahi fanya harusi wala kupeleka ng'ombe na wako sawa tu, sasa ya nini kujisumbua. Hiyo ndio ilinishinda kujibu, kwa sababu ni kweli, nusu ya majirani zangu ni njoo tukae, wanaishi tu pamoja bila ndoa, na wamelea watoto vizuri. Nyinyi mngewaambia nini? Sitaki mahubiri, hayo wanapata Jumapili.

form_four_naks (Nakuru)
Auntie mimi niko hiyo age, naishi Kaptembwo. Watu wakubwa hudhani tumeharibiwa na simu na vitu za TikTok. Si hivyo. Mama mdogo wangu alikaa na mtu tangu nikiwa mtoto, wakafungua duka pamoja, yeye ndio alikuwa anaamka usiku kufuata mboga soko. Yule mtu alipofariki watu wa kwao walikuja wakasema hawamjui, si bibi, hakuna siku waliitwa kwa mahari, na duka likaenda. Sasa nikiandika sitaki bwana si kwamba sitaki family. Nataka sana. Nataka nyumba yenye watu wanakula pamoja jioni. Lakini nimeona mwanamke akifanya kazi yote ya bibi na mwisho anaambiwa yeye ni mgeni, so naona heri nijisimamie na mtoto wangu.

Omwana_wa_Lurambi (Kakamega)
Pole sana dada kwa hiyo ya mama mdogo. Lakini mimi naona pesa ndio mzizi. Mimi niko na 26, nafanya boda, girlfriend yangu tumekaa naye mwaka wa pili na nampenda. Nikienda kwao nitaambiwa ng'ombe kadhaa, blanketi za mama mkwe, suti ya mzee, halafu kanisani nako kamati ya harusi, tenti, keki. Nitatoa wapi? Kwa hivyo tunakaa tu tukingoja, na hao vijana wadogo wanatuona sisi, hawasomi kitabu. Lakini kulea peke yako pia si rahisi vile mnaandika huko, mama yangu alitulea peke yake na hata kuugua hakuwa na nafasi ya kuugua.

Mama_Baraka_KSM (Kisumu)
Boda, mwanangu, nisikize kama mama. Hakuna mtu amesema upeleke yote siku moja. Kwetu Wajaluo watu huanza na ayie, hiyo pesa ya mama wa msichana, zingine zinafuata hata watoto wakiwa wakubwa, baba yangu mwenyewe alimaliza nikiwa nimeolewa. Ubaya ni kunyamaza kabisa, kwa sababu Mungu apishe mbali msichana wa watu akifa kabla hujaonekana kwao, hapo ndio utaona wazee wamekataa asizikwe kwako mpaka utoe, na utakopa ukiwa unalia.

karani_mstaafu (Nakuru)
Nimefanya kazi kortini miaka mingi, wacha niongeze ya sheria kwa sababu hapa ndipo vijana wanaumia. Kwanza, chini ya miaka 18 hakuna ndoa Kenya, ya kanisa, ya msikiti wala ya kimila, na mzazi hawezi kuruhusu. Sheria ya Ndoa ya 2014 iko wazi. Na KDHS, ule utafiti wa kitaifa wa afya, wa 2022 ulipata kwamba wasichana 15 kwa kila 100 wa miaka 15 hadi 19 walishawahi kupata mimba, so wengine wanaingia kwa njoo tukae bila hata kuchagua, mimba imewapeleka. Msichana kama huyo ana ruhusa ya kurudi shule, asikubali kuozwa ili kuficha aibu.

Pili, kukaa pamoja miaka mingi hakukufanyi bibi ama bwana moja kwa moja. Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya watu walikuwa wameishi hivyo muda mrefu, ikasema si ndoa, mali ikagawanywa kwa kuangalia mchango wa kila mmoja. Korti inaweza kuchukulia kuna ndoa lakini si kila mara, na wewe ndio wa kuleta ushahidi. Mtoto ni tofauti, Katiba kifungu cha 53 inasema baba na mama wote wana jukumu hata kama hawajaoana.

Tatu, boda, hii ni yako: hiyo sheria ya 2014 inasema mahari kidogo tu ya kuonyesha nia inatosha kuthibitisha ndoa ya kimila. Mkimaliza mila mnampa msajili wa ndoa habari ndani ya miezi 3, halafu mnaenda wenyewe kusajili. Hakuna tenti hapo wala keki.

form_four_naks (Nakuru)
Hiyo ya tatu hakuna mtu alituambia shule. Kama mama mdogo angekuwa na hiyo karatasi.

Auntie_Nyalenda (Kisumu)
Asanteni sana. Karani, hiyo ya mahari kidogo hata mimi sikuwa najua na nimeolewa kanisani. Mwezi ujao nitaleta mtu wa sheria aongee nao, na Mama Baraka nakuomba uje pia uwaelezee ya ayie, wavulana hasa. Nikutumie inbox?

Mama_Baraka_KSM (Kisumu)
Tuma. Nitakuja na mzee wangu, wavulana watamsikia yeye kuliko mimi.