Nina 690 kwenye GRE ya fizikia: nirudie au nitume maombi hivi hivi?

Mwalimu wa Mukono: Wakuu, habari zenu. Nilimaliza fizikia Makerere nikiwa na GPA (wastani wa alama) ya 4.3 kwa 5.0. Nataka kuomba uzamivu Marekani. GRE ya fizikia, ule mtihani wa kuombea nafasi huko, nilipata 690 kwa 990. Kurudia ni dola 150, na mimi nafundisha sekondari ya binafsi. Hiyo ni zaidi ya nusu ya mshahara wangu wa mwezi. Nyumbani wananihimiza nirudie. Je, alama hizi zina uzito kiasi hicho?

Kaka wa Mbarara: Dada, shika hela yako kwanza. Fungua ukurasa wa kila idara usome. Corona ilipofunga vituo vya mitihani 2020, idara nyingi ziliuondoa mtihani huu, na nyingi hazijaurudisha. Nyingine hata ukituma alama haziangaliwi. Tena kuna utafiti uliotoka 2019 kwenye jarida la Science Advances: alama za GRE ya fizikia hazikutabiri vizuri nani atamaliza uzamivu.

Wandegeya: Hapo natofautiana kidogo. Palipoandikwa hiari, alama kubwa humsaidia mtu aliyetoka chuo wasichokijua. Ila 690 si kubwa kwa kazi hiyo, usiitume. Ukiamua kurudia, kaza mekanika na sumakuumeme, karibu maswali mawili kati ya matano yanatoka huko. Na kila mahali andika "4.3 kwa 5.0", maana wao huhesabu hadi 4.0.

Mzee wa Maabara: Mwanangu, nimeandikia wanafunzi barua za mapendekezo miaka mingi. Barua ya "ana nidhamu, alihudhuria vizuri" haimfikishi mtu popote. Mradi wako wa mwisho ulihusu nini? Msimamizi aeleze ulipima nini, kifaa kilipokataa ulifanyaje. Na usiisahau diploma ya ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia kule Trieste, Italia: haidai GRE, na wanaochaguliwa hulipiwa masomo na matumizi. Kigali nako wana tawi lenye shahada ya uzamili.

Mwalimu wa Mukono: Asante mzee, asanteni wote. Nilipima radoni, gesi yenye mionzi, kwenye nyumba za matofali. Kipimo kiliharibika katikati, nikarudia vyumba vyote. Nimekagua idara zangu tisa: sita hazipokei alama kabisa, mbili ni hiari, moja tu inadai. Hiyo moja nimeifuta. Jumatatu naenda Makerere kumwona msimamizi, na daftari langu la vipimo nalibeba.