Zaka itoke kabla ya makato au baada?

MADA: Mwajiriwa wa kampuni binafsi Tanzania, mshahara 800,000, ana mkopo wa kikoba na ada za watoto. Anasema Mungu kwanza, mali baadaye. Fungu la kumi litoke kwenye 800,000 au kwenye kinachofika mkononi?

Mhasibu wa Usharika:
Tuanze na slipu, maana watu wanabishania hesabu wasiyoipiga. NSSF, yaani akiba ya uzeeni, 10% ni 80,000. Zinabaki 720,000 za kutozwa kodi. PAYE, kodi ya mshahara, hapo ni 20,000 jumlisha 20% ya kinachozidi 520,000, yaani 40,000, jumla 60,000. Mkononi 660,000. Ubishi wote ni 80,000 au 66,000: tofauti 14,000. Kama alisoma chuo kwa mkopo, Bodi ya Mikopo ikikata 15% ya 800,000, mkononi zinabaki 540,000, lakini makato hayo mimi siyaondoi kwenye hesabu ya zaka. Ni deni la pesa aliyokwisha kuitumia, sawa na kikoba.

Mama Shemasi:
Mithali 3:9 inataja malimbuko, si makombo yaliyoachwa na TRA. Ukingoja wote wakate ndipo umkumbuke Bwana, umemweka wa mwisho kwenye foleni.

Mhasibu wa Usharika:
Sawa mama, ila NSSF bado hajaishika. Akitoa kwenye 800,000, mchango wake umeshatolewa zaka. Akistaafu, za kutolea zaka zitabaki sehemu ya mwajiri na nyongeza. Akitoa kwenye 660,000, siku mafao yanatoka yote yanadaiwa. Wengi huharibu hapo: wanachagua hesabu ndogo leo, halafu mafao wanasema "yalishatolewa".

Mwenye Duka:
Huko kwenye mishahara ni rahisi. Njooni dukani. Mauzo ya wiki 3,000,000, faida 240,000. Ukitoa 10% ya mauzo umetoa 300,000, yaani 60,000 imetoka kwenye mtaji, na fremu hujailipia. Miezi mitatu hivi, rafu nyeupe, kisha tunakemea pepo wa umaskini! Kumbukumbu la Torati 14:22 inasema maongeo, yaani kilichoongezeka. Mwisho wa mwezi hesabu stoku, chukua mauzo, toa bei ya kununulia, fremu, umeme, mshahara wa kijana. Kinachobaki ndicho cha kutolea zaka. Ila matumizi ya nyumbani usiyaondoe: kilo 2 za sukari ulizobeba jioni ni pato lako, ziandike daftarini.

Mwinjilisti Mstaafu:
Mnapiga hesabu vizuri, lakini someni aya ya 28 na 29 ya sura hiyohiyo. Kila mwaka wa tatu zaka ilibaki malangoni kwa Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Na Marko 7:11 Yesu anawakemea waliosema "Korbani", yaani mali hii ni wakfu kwa Mungu, wakawanyima wazazi wao. Mtu anatia 80,000 kwenye bahasha, mama yake kijijini amekosa dawa ya presha. Huyo amemtanguliza Mungu au jina lake litakalosomwa kwenye matangazo?

Mama Shemasi:
Shikamoo mzee wangu. Korbani ilikuwa janja ya kukwepa wazazi, haikuwa zaka. Mathayo 23:23 anawataka washike adili, rehema na imani, na zaka ya mnanaa wasiiache. Dawa ya mama ikikosekana, kwanza lipunguzwe bando, king'amuzi, kitenge cha sare ya harusi. Zaka hukatwa mapema kwa sababu moja tu: haipigi simu kudai.

Mwinjilisti Mstaafu:
Marahaba mwanangu. Kwenye king'amuzi tuko pamoja. Kikoba si king'amuzi. Rejesho ni Jumamosi, ibada Jumapili. Akilichelewesha ili bahasha ijae, anapigwa faini, na mdhamini wake ndiye anayebanwa. Hapo ametoa sadaka kwa jasho la mwenzake, na Zaburi 37:21 inamwita asiye haki yule akopaye asilipe. Mimi namwambia alipe rejesho Jumamosi, Jumapili atoe alichonacho, hata kama mwezi huu ni 30,000. 2 Wakorintho 8:12 inamruhusu.