Naomba ushauri: kuweka diski kubwa kwenye RAID 5 bila kupoteza data

Wakuu habari za muda huu, naombeni msaada kwa wanaoijua mdadm (programu ya Linux ya kusimamia RAID) vizuri. Nina seva ya Ubuntu ofisini, ina diski 4 za TB 2 kwenye RAID 5 (diski kadhaa zinafanya kazi kama moja, ikifa moja data hazipotei), yaani nafasi ya kutumia ni kama TB 6 na imebaki kidogo sana, humo ndo zimo video zote za harusi za wateja kwa hiyo sitaki kubahatisha kabisa. Nataka kuweka za TB 8.

Njia ninayoijua ni kutoa moja, kuchomeka kubwa, kusubiri raid ijijenge upya ndo unaenda inayofuata, ila muda wote huo RAID 5 inakuwa haina kinga, ikifa nyingine hapo katikati basi imekula kwako. Jamaa mmoja kanishauri kama kuna poti ya SATA ya ziada niichomeke mpya kama spea nitumie mdadm --replace, ile ya zamani inabaki kazini mpaka data zihamie zote. Naona hii ndo salama zaidi, nani ameshaifanya?

Zikishakuwa kubwa zote ni mdadm --grow --size=max ili raid itumie nafasi yote, halafu resize2fs kupanua mfumo wa faili, sio? Jedwali la partisheni nitaweka la GPT maana lile la zamani, MBR, linaishia TB 2. Diski za SMR (ambazo njia za data zinapandiana kama vigae) naziogopa, zinakuwa nzito sana kwenye kuandika mfululizo.

Bekapu ninayo kwenye diski za nje. Je, nianze kupima zote kwa smartctl (programu ya kuangalia afya ya diski) au kwanza nikague raid nzima?