Draivu ya mota ya 250 kW kwa pampu ya maji ya bahari: palsi 6, palsi 12, au IGBT pande zote mbili?

Ngomeni_Juu
Salaam wakuu. Niko Gongoni, kaskazini ya Malindi, kwenye mabwawa ya chumvi. Tuna pampu ya kuingizia maji ya bahari, mota 250 kW, 415 V, ya zamani, inawashwa kwa sta-delta (njia ya kupunguza kishindo cha kuwasha). Shida ni kwamba bahari haitulii. Siku za bamvua maji yanakuja mpaka mlangoni na sisi tunabana vali, umeme unapotea bure. Maji yakipwa, pampu inahema. Nataka kubadilisha kasi badala ya kubana vali. Nimeletewa bei tatu za draivu (kifaa cha kielektroniki cha kubadilisha kasi ya mota): ya palsi 6 (diodi sita, yaani vali za umeme za njia moja, upande wa kuingia), ya palsi 12 (diodi kumi na mbili), na ile yenye IGBT (swichi za kielektroniki) upande wa kuingia na wa kutoka. Umeme ukikatika tunatumia jenereta ya 500 kVA. Kebo mpaka kwenye mota ni mita 180. Sifichi, naelekea palsi 6 kwa ajili ya bei.

Sabaki_Ampea
Wazo la kasi ni zuri, ila usimuahidi bosi mbingu. Ukishusha kutoka 50 Hz hadi 40, kwa hesabu ya vitabuni nguvu inashuka mpaka kama asilimia 51. Hiyo ni pale ambapo hakuna kimo cha kupandisha. Kwako kimo kipo na kinabadilika na maji. Maji yakipwa ukishusha kasi sana, pampu itakoroga tu bila kutoa tone, na itachemka.

Sasa palsi 6. Diodi hazivuti umeme mfululizo. Zinagugumia pale wimbi linapofika kileleni, basi. Hapo ndipo hamoniki (mawimbi ya ziada yanayochafua umeme) ya 5 na ya 7 zinapotoka. Hata ukiweka koili ya kulainisha mkondo, mkondo unaharibika kwa kiasi cha asilimia 30 hadi 40. Kwenye gridi, ukiwa na transfoma yako mwenyewe, utaishi nayo. Kwenye jenereta ni habari nyingine: ndani yake mna ukinzani mkubwa kuliko wa transfoma, kwa hiyo uchafu uleule wa mkondo unakunja volteji zaidi. Niliwahi kufunga moja hotelini. Jenereta ikishika, AVR (kidhibiti volteji cha jenereta) inawayawaya na taa za jikoni zinacheza chakacha.

Mkunguni_Lamu
Chukua palsi 12, yakhe. Transfoma moja yenye koili mbili za kutoka, moja sta, moja delta, zimepishana digrii 30. Hamoniki ya 5 na ya 7 zinauana zenyewe, inabaki ya 11 na ya 13, ambazo ni ndogo. Hakuna programu wala nini, ni shaba na diodi. Kwa sisi wa visiwani, kitu ambacho fundi yeyote anaweza kukikarabati kina thamani yake.

Sabaki_Ampea
@Mkunguni sawa, lakini jenereta inaingilia wapi? Kama koili mbili ziko kwenye transfoma ya 11 kV, na jenereta inaingia upande wa 415 V, basi umeiruka hiyo transfoma. Itabidi anunue transfoma nyingine ya kukaa kati. Hapo bei inakimbilia ile ya IGBT mbili.

Mkunguni_Lamu
Hapo umenishika.

Babu_wa_Injini
Wajukuu, IGBT pande mbili sifa yake kubwa ni kurudisha umeme kwenye gridi mzigo unapofunga breki. Pampu haifungi breki. Utalipia sifa hiyo ili upate ile nyingine tu: mkondo safi, wenye uchafu chini ya asilimia 5. Kwa jenereta yako naona inafaa, mradi ujue inapoteza umeme kidogo zaidi. Zamani baharini hatukuwa na anasa hii. Meli ya abiria QE2 ilipotolewa mvuke na kuwekewa dizeli-umeme mwaka 1987, mota zake mbili zilikuwa za 44 MW kila moja, na kibadilishi cha kuziwasha kilikuwa cha thairista (swichi za kielektroniki za kizamani).

Ngomeni_Juu
Shikamoo babu. 44 MW! Mimi na 250 kW yangu silali.

Shela_Volti
Mnabishana kuhusu upande wa kuingia, wa kutoka mmeusahau. Mita 180! Ndani ya draivu kuna DC ya kama 585 V. Kila IGBT inapofunguka, wimbi linakimbia kwenye kebo, linagonga mota na kurudi, na pale kwenye vituo vya mota volteji inakaribia mara mbili, kama 1,200 V. Koili za mota ya zamani hazikufungwa kwa ajili ya hilo. Weka filta ya kutokea, ikiwezekana ya sain (inayolainisha palsi ziwe wimbi laini). Beringi ya upande wa nyuma iwe ya kuhami, la sivyo mkondo utapita humo na kuichimba.

Halafu hewa. Usiweke feni inayovuta upepo wa kusi ndani ya kabati; chumvi italamba kadi zote. Funga chumba, weka AC. Joto la draivu likiwa asilimia 3 ni 7.5 kW, kwa hiyo AC moja ya BTU 24,000 (kama 7 kW) haitoshi.

Ngomeni_Juu
Basi IGBT pande mbili na filta ya sain; nitaenda kupigana na mhasibu. La mwisho: kuna kapasita za pawa fakta (za kupunguza mkondo wa bure unaovutwa na mota) zimefungwa palepale kwenye mota. Niziache?

Sabaki_Ampea
Zitoe kabla hata draivu haijafika! Kila palsi inayotoka kwenye draivu itazijaza kwa kishindo, na wa kwanza kufa ni IGBT zako mpya.