Naomba ushauri: kumpandisha mama ngome ya Trenčín

Habari zenu ndugu zangu. Naishi Vienna, na mama amekuja kunitembelea kutoka Tanga. Nataka nimpeleke Trenčín, Slovakia, kwa treni kupitia Bratislava. Mji ni mdogo, lakini ngome yake imekaa juu ya jabali, mto Váh ukipita chini. Kwenye jabali hilo askari wa Kirumi walichonga maandishi mwaka 179, na hayo ndiyo yananivuta mimi.

Mama yeye anataka kuona kisima kilichomo ndani ya ngome. Nilimsimulia hadithi ya Omar, Mturuki aliyechimba kisima hicho kwenye mwamba ili mchumba wake Fatima aachiliwe na bwana wa ngome. Tangu hapo kila siku ananiuliza tunakwenda lini.

Shida ni magoti yake. Mlima ule si mchezo kwa mtu wa umri wake, na sitaki afike langoni kisha abaki nje. Waliowahi kufika: teksi inaweza kutusogeza hadi wapi? Ngazi za ndani anaziweza polepole, na kuna mahali pa kupumzika? Tukilala usiku mmoja, tutafute chumba karibu na uwanja wa Mierové námestie, au kuna sehemu nafuu zaidi isiyo na mwinuko?