Land Cruiser FJ: Toyota wamepatia, au wametuuzia injini ya zamani? Watu wa Kusini tujadili

Mwana Mikindani (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu nyote, wa Mtwara na wa Lindi.

Tangu Toyota waionyeshe hii Land Cruiser FJ Oktoba 2025 sijatulia. Ni ndogo kuliko Prado, bodi la kisanduku kama Land Cruiser mkonga ya zamani, fremu ya ukoo wa Hilux, inaundwa Thailand. Kilichonigusa ni injini. Wameweka 2TR ya petroli, cc 2,700, ile ile iliyomo kwenye Haisi tunazopanda kwenda Lindi. Injini ya tangu 2004!

Wakati huohuo BYD wa China waliacha kabisa kuunda gari za petroli tupu Machi 2022. Mwaka 2024 wameuza magari zaidi ya milioni 4.2 na mapato yao yakaipita Tesla. Toyota mwaka huo waliuza milioni kumi na ushee, lakini za umeme mtupu hazikufika laki moja na nusu.

Swali langu: Toyota wanatumia akili au wamelala? Mimi naona wamepatia, hasa kwa barabara zetu. Naomba kuwasilisha.

Msomi wa Chuno

Wamelala, tena usingizi wa pono.

BYD ilianza 1995 ikitengeneza betri, gari wakaingia 2003. Betri ndiyo kitu ghali kuliko vyote kwenye gari ya umeme, na wao wanajitengenezea wenyewe. Mwenzako ananunua kwa mtu, wewe unatoa kwako ghalani. Ndiyo maana bei zao zinawatoa watu jasho. Ethiopia tangu 2024 wamefunga mlango wa kuingiza gari binafsi za mafuta. Sisi tuna bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, halafu bado tunanunua mafuta kwa dola.

Tatizo letu Kusini tunaangalia gari kwa jicho la mkulima wa korosho. Mnada wa Oktoba ukimnyookea ananunua gari, Februari ipo juu ya mawe, kuku wanatagia siti ya nyuma. Mtu huyo utamwambia nini kuhusu mkakati wa kiwanda?

Fundi wa Chikongola

Mleta mada, kuhusu 2TR naomba niseme kama mtu ninayeifungua kila wiki. Injini hiyo inatumia cheni, siyo mkanda. Ukibadilisha oili kwa wakati na usiiache ichemke, inakwenda mpaka unachoka wewe. Ikiharibika, spea utaipata Mtwara mjini, ukikosa inapanda basi la usiku kutoka Dar, asubuhi unayo. Kwa fundi, injini ya zamani siyo tusi. Maana yake ugonjwa wake unajulikana.

Ubaya wake ni mmoja tu, inakunywa. Hapo sidanganyi mtu.

Binti wa Newala

Msomi, mengine uliyoandika nimesoma nikanyamaza. Hilo la kuku limenichoma.

Baba yangu ni mkulima wa korosho. Ana Probox aliyoinunua kwa mkono wa mtu, kwa hela ya korosho, na ipo mpaka leo. Imebeba mifuko ya salfa kwenda shambani, imebeba wajawazito wa mtaa mzima usiku, imenibeba mimi na sanduku langu kwenda shule Masasi. Ukiipiga ile siti ya nyuma kwa kiganja, vumbi la njano linatoka, na sisi wenyewe tunaizoea ile harufu mpaka hatuisikii. Kila msimu wa kupulizia ukiisha anaiinua kwa jeki anaiosha chini, tairi moja baada ya jingine, kwa sababu anasema salfa inakula bati. Hakuna kuku aliyewahi kutaga mle.

Unapotaka kumsema mkulima, msome kwanza.

Daraja la Kwanza

Binti wa Newala nakupigia makofi. Na wewe Msomi unayekaa Chuno, hebu tuambie: mwenye nyumba yako ameijenga kwa hela gani? Duka unalokopa sukari mwezi wa nne linaendeshwa na hela gani? Mji huu mzima unapumua korosho. Mnada ukichelewa wiki mbili, hata bodaboda wananuna.

Msomi wa Chuno

Daraja la Kwanza, mimi sikopi sukari kwa mtu. Na sikumtukana mzazi wa mtu. Nimesema ninachokiona kila mwaka kwa macho yangu. Novemba yadi za magari Dar zinajaa watu wa kwetu, Machi wanarudi kuuza kwa nusu bei. Baba yake Binti ni mmoja. Hongera kwake. Mmoja hafanyi kanuni.

Binti wa Newala

Basi na wale unaowaona wewe ndio hawafanyi kanuni.

Mwalimu Mstaafu, Lindi

Wanangu, taratibu. Msomi, neno likitoka halirudi. Ungesema "baadhi ya watu" tusingefika hapa. Binti, umemjibu vizuri, sasa mwache.

Turudi kwenye mada. Kuwahi kwenye umeme hakumhakikishii mtu chochote. Nissan walitoa Leaf mwaka 2008, kabla ya wengi wa hawa kujulikana. Leo wako wapi? Walitaka kuungana na Honda wakashindwana.

Msomi wa Chuno

Mwalimu, shikamoo. Leaf ni Desemba 2010, siyo 2008. Na kilichowaangusha Nissan siyo umeme. Walikaa na modeli zilezile miaka mingi, China ikawakimbia, Marekani wakauza kwa kupunguza bei mpaka faida ikaisha. Mei 2025 wametangaza kupunguza wafanyakazi 20,000 na viwanda kutoka 17 kubaki 10. Mazungumzo na Honda yalianza Desemba 2024, Februari 2025 yamekufa. Ukizubaa unakufa, hiyo ndiyo hoja yangu tangu mwanzo.

Mwalimu Mstaafu, Lindi

Marahaba. Mwaka umenisahihisha, nakubali. Lakini umekiri mwenyewe kuwa waliowahi ndio walioanguka.

Mpita Njia wa Mtanda

Naomba niseme kitu ambacho hakijaguswa. Hawa Toyota hawatuuzii sisi. Wanamuuzia Mjapani na Mthailand, sisi tunanunua kwa Mjapani akishaichoka. IST ya kwanza ilitoka 2002 ikasimama 2007, na ndiyo inayojaa mitaa yetu sasa hivi. Uamuzi wa bosi wa kiwanda leo sisi tutauona baada ya miaka kumi, ukishuka bandarini na ushuru wa uchakavu juu yake. Hii FJ yenyewe wengi wetu tutaigusa wakati watoto wetu wako sekondari.

Kwa hiyo swali la kweli: Wajapani wakihamia umeme, baada ya miaka kumi sisi tutaokota nini? Gari yenye betri iliyochoka. Injini iliyochoka fundi anaifufua. Betri iliyochoka nani ataifufua Nanyamba?

Na kuna gari moja ambayo ingetufaa ikiwa mpya: Hilux Champ, waliyoitoa Thailand Novemba 2023, bei ilianzia baht 459,000. Nyuma wanakupa sakafu tupu yenye matundu ya boliti, unafunga bodi unalotaka. Ya korosho, ya samaki, ya abiria. Hiyo ndiyo wangetuletea.

Daraja la Kwanza

Msomi bado hajaomba radhi.

Dereva wa Masasi

Mimi nazungumza kama mtu wa barabarani. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar ilikatika kule Somanga, maji yamebeba makalavati. Nilikuwa upande wa huku na abiria wangu. Tumelala siku ya kwanza, ya pili, akina mama wanapika uji pembeni ya barabara kwa kuni mbichi. Sasa Msomi, wewe na BYD yako pale ungechaji wapi? Mimi niliuziwa mafuta kwenye madumu, ghali kweli, lakini niliuziwa.

Msomi wa Chuno

Dereva, pole kwa hiyo safari. Lakini barabara ikikatika, gari ya mafuta nayo haivuki. Na BYD hawana umeme mtupu peke yake, nusu ya mauzo yao ni zile zinazochajiwa na zina injini pia. Ile pikapu yao ya Shark, iliyozinduliwa Mexico 2024, ni ya namna hiyo. Hizo zingekufaa hata Somanga.

Dereva wa Masasi

Ikiharibika Kilwa nani anaifungua?

Fundi wa Chikongola

Hapo Dereva kagusa. Lakini na mimi nisiwe mnafiki, hizi za betri hatuziogopi kama watu wanavyodhani.

Mwaka jana mteja alileta Toyota Aqua kutoka Tandahimba, taa ya haibridi (ule mfumo wa injini na betri pamoja) inawaka, gari imelegea. Gereji moja ya Dar walishamwambia betri imekufa, anunue nyingine, wakamtajia mamilioni. Mama wa watu amekuja kwangu analia kabisa. Nikatoa siti ya nyuma. Pembeni pale kuna tundu la hewa na feni inayopoza betri. Nimeifungua ile feni, wallahi ilikuwa imeshikana udongo mwekundu wa kule juu kama umefinyangwa. Nimepiga brashi, nimepuliza kwa kompresa, nimerudisha, nimefuta kosa kwa mashine. Gari imerudi Tandahimba na inatembea hadi leo.

Kwa hiyo tatizo siyo umeme. Tatizo ni kwamba wanaotengeneza hawajawahi kuliona vumbi la Makonde, na wanaouza hawatufundishi mafundi. Nipe kitabu na mashine ya kupimia, nitakufungulia hata hiyo BYD.

Mwana Mikindani (mleta mada)

Fundi, umenifungua macho. Ndiyo maana nasema Toyota wanafanya akili kutokimbilia upande mmoja. Akio Toyoda, aliyekuwa bosi wa Toyota, alisema muda mrefu kwamba kila nchi ina hali yake, waweke haibridi, petroli, umeme, kila mtu achague. Watu walimcheka, Aprili 2023 akapisha kiti cha ukurugenzi na kuwa mwenyekiti wa bodi, lakini njia yake haijabadilika.

Kijana wa Gesi

Mnazungumza umeme na petroli, mbona hakuna anayetaja gesi? Gesi imegunduliwa Mnazi Bay 1982, hapa hapa Mtwara. Bomba limekamilika 2015 kwenda Dar. Leo teksi na bajaji za Dar zinakimbia kwa gesi. Shemeji yangu kule ana mtungi kwenye buti, hela ya mafuta imeshuka zaidi ya nusu. Watu waliingia barabarani 2013 kwa ajili ya gesi hii, na mimi nilikuwa mtoto nimefungiwa ndani na mama, tunasikia mabomu ya machozi. Halafu mnataka tusubiri mkakati wa Mjapani?

Mpita Njia wa Mtanda

Ndugu yangu, msiseme kila mara gesi ya Mtwara. Songo Songo ipo Kilwa, mkoa wa Lindi, imegunduliwa 1974 na imeanza kwenda Dar 2004, miaka kumi na moja kabla ya bomba lenu. Lindi huwa tunasahauliwa hata kwenye kulalamika.

Kijana wa Gesi

Hakuna aliyewasahau. Ila 2013 mlikuwa wapi?

Mpita Njia wa Mtanda

Hilo ni neno la kuudhi. Tulikuwa makwetu, tunazika na kuzaa kama nyie.

Mwalimu Mstaafu, Lindi

Kijana, futa hiyo kauli. Kusini ni moja. Nimefundisha Mtama, nimefundisha Mtwara, watoto ni walewale.

Kijana wa Gesi

Naifuta, Mwalimu. Samahani, Mpita Njia. Ila gesi inaniuma.

Fundi wa Chikongola

Kuhusu gesi, injini za petroli za Toyota zinakubali ule mfumo bila shida kubwa, 2TR ikiwemo. Kwa hiyo Mleta mada, hiyo injini unayoiona ya zamani mtu anaweza kuifungia mtungi. Nguvu inapungua kidogo, mlimani utaisikia, kama ule wa kupanda Newala ukitokea Masasi.

Binti wa Newala

Baba hawezi kufunga mtungi kwenye Probox, salfa atapakia wapi?

Msomi wa Chuno

Binti, hilo ni swali zuri. Na kuhusu kuku, nilipitiliza. Mpe mzee salamu zangu. Kwenye Toyota lakini sirudi nyuma, miaka mitano tutaonana hapa hapa.

Binti wa Newala

Salamu zimefika. Yeye anasema mwambie Msomi hizo Hilux Champ akizisikia zimefika amtafute.

Mwana Mikindani (mleta mada)

Wakuu, FJ jamani. Nani anaona wamepatia, nani anaona wamekosea? Tupige kura.

Dereva wa Masasi

Fundi, samahani naingilia. Nipo Mnazi Mmoja ya Lindi, Haisi yangu inadondosha maji mbele upande wa mkanda, sindano ya joto imepanda nikazima. Ni pampu au rejeta?

Fundi wa Chikongola

Upande wa mkanda, uwezekano mkubwa hiyo ni pampu. Usifungue mfuniko wa rejeta sasa hivi, subiri ipoe kabisa, halafu weka maji na uje polepole huku ukiangalia sindano. Ikipanda tena, simama, usiilazimishe. Pampu ya 2TR nimeiona dukani jana, naenda kukushikia.